Kile kioo kidogo cha kwenye fenda ni cha kumwona mtoto

Ukipita kwenye maegesho ya benki au hospitali yoyote Dar es Salaam, Arusha au Mombasa, utakiona. Kiko mbele kabisa ya gari, juu ya fenda ya kushoto, kimechomoza kama sikio dogo. Prado nyingi zilizotoka Japani zinacho, Harrier zinacho, RAV4 na X-Trail vilevile. Wenye magari wengi hukichukulia kama pambo. Wengine hawakipendi kabisa, wanasema kinaharibu sura ya gari, na humwambia fundi akitoe na kuziba tundu. Kikinyofolewa na vibaka usiku, ni wachache wanaohangaika kukirudisha.

Kioo hicho kiliwekwa kwa sababu ya mtoto.

Kanuni za usalama wa magari za Japani zinataka dereva aliyeketi kwenye kiti chake cha kulia aweze kuona nguzo yenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 30, ikiwa imesimamishwa karibu kabisa na pua ya gari au na ubavu wake wa kushoto. Nguzo hiyo inasimama badala ya mtoto wa miaka sita. Dereva anaweza kuiona kwa macho yake moja kwa moja, kwa kioo au kwa kamera, lakini ni lazima walau sehemu yake ionekane. Gari dogo la chini hupita mtihani huo bila msaada wowote. Gari lililoinuka, lenye boneti pana na ya juu, halipiti. Hapo ndipo kioo kikaongezwa.

Ndiyo maana kikitazamwa vizuri hakionyeshi barabara wala magari yanayokuja nyuma. Kinaonyesha tairi la mbele la kushoto na kipande cha ardhi kando yake. Anayeazimwa gari hudhani kimelegea na kuinama chini.

Tanzania, Kenya na Uganda hupita kushoto kama Japani, na usukani uko kulia. Kwa hiyo kioo hicho kinafanya hapa kazi ileile ambayo kilitengenezewa kule. Ni bahati ambayo haikupangwa na mtu. Mtoto anayeshushwa shuleni hushukia mlango wa kushoto, na kama geti la shule liko ng'ambo, huzunguka mbele ya gari ili avuke. Wakati huo dereva ameshageuza uso kulia, anatafuta nafasi ya kuingia barabarani.

Kofia isiyoonekana

Asubuhi ya siku ya shule nyumba nyingi zinafanana. Baba amewasha gari. Dada anafungua geti. Wakubwa wameshapanda, mmoja amesahau daftari na anapiga kelele liletwe. Mdogo wao wa miaka miwili, ambaye bado haendi shule, amewafuata nje akitaka kupungiwa mkono. Kila mtu anaamini mtoto yuko na mwingine.

Mtoto wa umri huo ana kimo cha sentimita 85 hivi. Boneti za magari makubwa zinafika mita 1, na nyingine zinapita. Akisimama mbele ya gari kama hilo, dereva haoni hata kofia. Anaweza kuwa mtu mwangalifu kuliko wote mtaani, lakini macho hayapenyi bati.

Hesabu yake ni nyepesi. Macho ya dereva hutazama kupita juu ya ukingo wa boneti na kushuka mpaka yaguse ardhi. Chochote kilicho chini ya mstari huo, kati ya bampa na pale unapogusa ardhi, hakipo kwa dereva. Boneti ikiwa fupi na imeinama, mstari hugusa ardhi karibu. Ikiwa ya juu na bapa, mstari huenda kugusa mbali, na mtoto anaweza kutembea hatua kadhaa mbele ya gari bila kujitokeza. Nyuma ya gari hali ni hiyohiyo au mbaya zaidi, kwa sababu kioo cha nyuma huanzia juu kuliko boneti.

Kiti kikiwa kimeshushwa sana, eneo hilo linaongezeka. Wanawake wafupi wanaoendesha magari makubwa ya waume zao wanalijua hilo, na wengi hukalia mto. Hawakosei.

Sheria yenye jina la mtoto

Marekani ina sheria ya magari iliyopewa jina la mtoto wa miaka miwili. Cameron Gulbransen alikufa mwaka 2002 nyumbani kwao Long Island, jimbo la New York, baba yake alipokuwa akirudi nyuma na gari usiku. Baba huyo ni daktari wa watoto. Mtoto alikuwa ametoka nje bila kuonekana na akawa nyuma ya gari, chini ya pale ambapo vioo vinaishia.

Mzazi aliyefikwa na jambo kama hilo ana kila sababu ya kujifungia ndani. Baba huyu, pamoja na wazazi wengine waliopatwa na msiba wa aina hiyo, alikwenda kuzungumza na watunga sheria. Mwaka 2008 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyoitaka serikali iweke kiwango cha kuona nyuma ya gari, na kuikamilisha kazi hiyo kufikia mwaka 2011.

Haikukamilika. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Kulikuwa na malalamiko kuhusu gharama ya kamera na skrini kwa kila gari. Mwaka 2013 wazazi na watetezi wa walaji wakaenda mahakamani kuidai serikali kanuni waliyoahidiwa. Kanuni ikatangazwa mwaka 2014, na kuanzia Mei 1, 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa Marekani ni lazima limwonyeshe dereva eneo la nyuma lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6. Cameron angekuwa kijana wa miaka 17 au 18.

Takwimu zilizotolewa na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani wakati huo zilionyesha kuwa magari yanayorudi nyuma yalikuwa yakiua watu 210 na kujeruhi 15,000 kila mwaka nchini humo. Katika waliokufa, asilimia 31 walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano, na asilimia 26 wazee wa miaka 70 na zaidi. Ajali hizo hutokea zaidi majumbani na kwenye maegesho kuliko barabara kuu, na mara nyingi anayeshika usukani ni mzazi, mjomba au babu. Mwendo wenyewe huwa wa polepole kuliko wa mtu anayekimbia.

Magari ya Japani ya aina ya basi dogo, kama Hiace na Noah, yamekuwa na jibu la zamani zaidi na la bei nafuu: kioo cha mviringo kilichofungwa juu, nje ya mlango wa nyuma. Dereva hukitazama kupitia kioo cha ndani na kuona bampa ya nyuma na ardhi iliyo chini yake. Daladala na magari mengi ya kubebea wanafunzi bado yanacho. Lakini kioo cha mlango wa nyuma kikibandikwa plastiki nyeusi, au jina la mchezaji kwa herufi kubwa kutoka pembe hadi pembe, kile cha mviringo kinabaki kuwatazama ndege.

Kichwa cha kilo tatu na nusu

Kumwona mtoto ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni umbo la gari pale ambapo breki zimeshindwa kuwahi.

Kwenye maabara za magari za Ulaya na Japani kuna mashine inayorusha tufe lenye uzito wa kilo 3.5 kwenye boneti kwa mwendo wa kilomita 35 kwa saa. Tufe hilo lina vipima mshtuko ndani, na linawakilisha kichwa cha mtoto. Kuna lingine la kilo 4.5, la kichwa cha mtu mzima. Kuna pia mguu wa bandia unaorushwa kwenye bampa kwa kilomita 40 kwa saa, kupima goti na mfupa wa mundi. Mshtuko ukizidi kiwango kilichowekwa, gari hilo halipati kibali cha kuuzwa.

Vipimo vya namna hii vilianza kuwa sharti la kisheria Ulaya na Japani mwaka 2005 kwa miundo mipya ya magari. Mwaka 2008 Umoja wa Mataifa, kupitia kamati yake ya viwango vya magari iliyoko Geneva, ulipitisha kanuni ya dunia kwa nchi zinazotaka kuifuata.

Kilichobadilika kwenye magari hakionekani kwa anayetazama kwa nje. Bati la boneti limeachiwa nafasi ya kubonyea kabla halijagonga injini iliyo chini yake, maana kinachovunja fuvu ni kile chuma kilicho chini ya bati. Bawaba za boneti na mashina ya waipa yametengenezwa ili yalegee yakigongwa. Bampa imewekewa sponji ngumu nyuma ya plastiki. Baadhi ya magari yana boneti inayojiinua yenyewe kwa nyuma pale bampa inapogusa mguu wa mtu, ili kupata nafasi zaidi. Fundi wa bodi anayejaza sehemu hizo vyuma vya kuokoteza baada ya ajali anaweza kulinyoosha gari likapendeza, huku akiwa ameifuta kazi yote hiyo.

Hata hivyo kipimo cha kichwa cha kanuni hiyo hufanyika juu ya boneti, na baadaye kimeongezwa kwenye kioo cha mbele. Mtu mzima akigongwa na gari la chini, hupigwa miguu na kuangukia juu ya boneti, ambako pamepimwa. Mtoto akigongwa na gari lenye uso uliosimama wima, hupigwa kifua na kichwa kwa mara moja na grili au taa, kisha husukumwa mbele na chini. Hapo hapapimwi kwa tufe lolote.

Marekani, ambako magari ya namna hiyo yamekuwa mengi kuliko yale ya chini, taasisi ya utafiti ya makampuni ya bima, IIHS, ilichambua karibu ajali 18,000 za waenda kwa miguu na kutoa matokeo yake mwaka 2023. Gari lenye boneti inayozidi sentimita 102 lilikuwa na uwezekano wa kuua mkubwa kwa asilimia 45 hivi kuliko gari lenye boneti ya sentimita 76 au chini ya hapo iliyoinama kwa mbele. Waenda kwa miguu zaidi ya 7,500 waliuawa nchini humo mwaka 2022. Serikali yake ilitoa pendekezo la kipimo cha kichwa cha mwenda kwa miguu Septemba 2024, miaka 19 baada ya Ulaya na Japani.

Ngao ya nini mjini

Halafu kuna ngao, yale mabomba ya chuma yanayofungwa mbele ya bampa. Hapa kwetu ni alama ya gari la mwenye nazo, na hata gari dogo la kwendea sokoni siku hizi hufungiwa.

Umoja wa Ulaya ulipitisha masharti juu yake mwaka 2005: ngao isiuzwe wala kufungwa kwenye gari jipya la abiria mpaka nayo ipite vipimo vya mguu na kichwa. Ngao ya bomba gumu la chuma haiwezi kupita. Inalifuta lile sponji la bampa, inaufanya uso wa gari uwe mwembamba na mgumu kama nondo, na kwa magari mengi inakaa kwenye kimo cha kifua cha mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Anayepita Mikumi usiku, barabara inapokatiza ndani ya hifadhi na nyati anaweza kuvuka, ana hoja yake. Anayempeleka mtoto shule Sinza na kurudi hana.

Lori lenye nyota

Kwa waendesha baiskeli hatari kubwa ina matairi kumi na zaidi. Jiji la London liliona hivyo lilipojumlisha vifo vya mwaka 2015 hadi 2017: malori yalikuwa asilimia 4 tu ya mwendo wa magari yote jijini humo, lakini yalihusika katika asilimia 63 ya vifo vya waendesha baiskeli na asilimia 25 ya vifo vya waenda kwa miguu.

Kisa cha kawaida ni lori linalokata kona kwenda upande wa njia ya miguu wakati baiskeli iko ubavuni mwake. Dereva amekaa juu mno, dirisha lake linaanzia begani, na baiskeli imo ndani ya kivuli cha mlango. Vioo vipo, wakati mwingine sita, lakini dereva hawezi kuvitazama vyote kwa wakati mmoja. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya jiji hilo uligundua kuwa dereva anayemwona mtu moja kwa moja kupitia dirisha huchukua hatua sekunde 0.7 mapema kuliko anayemwona kwenye kioo. Kwa mwendo wa kilomita 24 kwa saa, hizo ni karibu mita 5.

London ikaanza kuyapa malori nyota, kuanzia sifuri hadi tano, kulingana na kiasi ambacho dereva anaweza kuona kwa macho yake bila kioo. Tangu Machi 2021 lori linalozidi tani 12 haliingii jijini bila kibali, na lisilo na nyota yoyote linatakiwa kuongezewa vifaa. Oktoba 2024 kiwango kikapandishwa hadi nyota tatu. Watengenezaji walishajua wanachotakiwa: kushusha kiti cha dereva, kupanua kioo cha mbele kuelekea chini, kuweka dirisha dogo sehemu ya chini ya mlango. Umoja wa Ulaya nao umeweka sharti la namna hiyo kwa miundo mipya ya malori na mabasi kuanzia Januari 2026.

Kuna kifaa kingine cha lori ambacho ni cha kizamani na cha bei ndogo: vyuma viwili vitatu vinavyolazwa ubavuni, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, kuziba uwazi. Kazi yake ni kumzuia aliyeanguka na baiskeli asiingie chini na kukanyagwa na matairi ya nyuma. Ulaya ni vya lazima kwa miaka mingi. Kwenye barabara zetu matela mengi hayana, na mtu anaweza kuona ng'ambo ya barabara kupitia chini ya tumbo la tela. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuvitengeneza.

Uholanzi, ambako watoto wengi huenda shule kwa baiskeli, wamekubali kuwa lori halitamwona kila mtu, na wanawafundisha watoto wenyewe. Lori halisi huletwa kwenye uwanja wa shule, watoto hupandishwa kwenye kiti cha dereva, na wenzao husimama nje. Mtoto akiona kwa macho yake kuwa nusu ya darasa imetoweka kando ya lori, somo limeeleweka. Shule yenye mzazi mwenye Fuso inaweza kulifanya Jumamosi moja.

Gari lililotoka Japani

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023 inasema watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021. Asilimia 23 walikuwa wakitembea kwa miguu na asilimia 6 walikuwa kwenye baiskeli. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi ya barabara. Ripoti hiyohiyo inahesabu nchi 35 tu duniani zenye sheria zinazodai vipengele vyote vikuu vya usalama wa magari.

Nchi za Afrika Mashariki hutegemea magari yaliyotumika, na mengi yake yanatoka Japani. Kabla hayajaandikishwa hukaguliwa breki, taa, usukani, matairi na chesisi. Kenya inazuia magari yaliyozidi miaka minane. Tanzania huyaruhusu kwa kuyatoza ushuru zaidi. Matokeo yake ni kwamba gari la Nairobi huwa la kizazi cha karibuni zaidi, na lile la Dar es Salaam mara nyingi lilitoka kiwandani enzi za kioo cha fenda. Yote mawili yaliundwa kukidhi masharti ya Wajapani ya kumlinda mtembea kwa miguu. Masharti hayo yamekuja ndani ya gari kama zawadi ambayo haikuandikwa kwenye risiti, na mengi yanaondolewa hapa hapa, kwa mikono yetu.

Skrini ndiyo ya kwanza. Gari linafika na redio yenye maandishi ya Kijapani ambayo haifunguki, na mwenye gari anataka ya Android. Fundi anachomoa ya zamani na kufunga mpya, muziki unalia vizuri, kila mtu anafurahi. Waya wa kamera ya nyuma unabaki unaning'inia ndani ya dashibodi. Kwenye magari ya karibuni, ambako kioo cha fenda kimeondolewa na kamera ndogo kuwekwa chini ya kioo cha pembeni cha kushoto, kamera hiyo nayo inakufa siku hiyohiyo. Fundi anayejua kazi ana adapta za kuziunganisha zote mbili, na mzazi anapaswa kuzijaribu kabla ya kulipa.

Ya pili ni breki inayojishika yenyewe ikiona mtu mbele. Ulaya imeifanya ya lazima kwa magari, ikiwa na uwezo wa kuwatambua waenda kwa miguu na baiskeli: miundo mipya tangu Julai 2024, na kila gari jipya kuanzia Julai 2026. Japani nayo ilianza kuilazimisha mwaka 2021 kwa miundo mipya ya kule, na kabla ya hapo magari mengi yalikuwa nayo kwa hiari ya mtengenezaji. Jicho lake ni kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele, juu karibu na kioo cha ndani. Magari mengi yana pia rada nyuma ya nembo ya mbele. Stika ikibandikwa mbele ya kamera, jicho limezibwa. Kioo cha mbele kikibadilishwa bila kamera kupimwa upya, jicho lina makengeza. Ngao ikipita mbele ya nembo, rada inaweza kuona chuma badala ya barabara, taa ya onyo inawaka, na dereva anamwomba fundi aizime.

Hata ikiwa nzima, breki hiyo haipaswi kuaminiwa kupita kiasi. IIHS ilipoichunguza iliona magari yenye nayo yanagonga waenda kwa miguu pungufu kwa asilimia 27. Lakini kwenye barabara zenye giza, zisizo na taa, haikuona tofauti yoyote. Barabara nyingi za kwetu ni za namna hiyo baada ya saa moja usiku, na mtoto aliyetumwa dukani huwa amevaa nguo za kiza.

Mwendo nao una sauti yake. Tufe la maabara hurushwa kwa kilomita 35 kwa saa. WHO inasema hatari ya kufa kwa anayegongwa na uso wa gari huongezeka mara nne na nusu mwendo unapotoka kilomita 50 kwenda 65. Boneti laini kuliko zote haimsaidii mtoto aliyegongwa kwa 80.

Fimbo ya ufagio

Kipimo cha Wajapani kinaweza kufanyika nyumbani bila gharama. Fimbo ya ufagio ikatwe mita 1, isimamishwe ndani ya ndoo yenye mchanga, na kofia ya shule iwekwe juu. Watoto wabaki ndani ya nyumba; kazi hii haimhitaji mtoto. Gari likiwa limezimwa na limepigwa handibreki, mtu mmoja aketi kwenye usukani, kiti kikiwa pale anapokaa siku zote, na mwingine aizungushe ndoo: mbele ya bampa, kwenye tairi la kushoto, nyuma, ubavuni. Kila inapotoweka, iwekwe alama ya chaki chini. Mwishoni gari litakuwa limezungukwa na alama, na wenye nyumba watajua mtoto wao hatakiwi kusimama wapi. Kwa mwenye mtoto wa miaka miwili, fimbo ikatwe tena kidogo.

Kioo cha fenda kilichopotea hutafutwa kwenye maduka ya vipuri vya Gerezani, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, na kilichotumika hutosha. Aulizwe pia muuzaji wa yadi kama gari lilikuja nacho. Tundu lililozibwa na plastiki nyeusi kwenye fenda ya kushoto lina jibu lake.

Kilichopo mara nyingi kimegeuzwa na waosha magari. Hurekebishwa na watu wawili. Dereva anaketi, wa pili anasimama nje na ile fimbo kwenye tairi la mbele la kushoto, anakisogeza kidogo, anauliza, anakisogeza tena. Dereva akiiona kofia na ndoo kwa pamoja, kinakazwa hapo.